Mkebe Ndani ya Mzinga

Huu mchezo wetu wa kuficha mkebe ulianza kwa sababu ya tumbaku. Nzomo, jirani yangu hapa Kanyangi, alikuwa ananusa tumbaku tangu ujana wake. Na Mbula, bibi yake, alikuwa ameokoka vizuri, wa kuanzisha wimbo kanisani, hataki kusikia harufu ya tumbaku kwa boma. Basi Nzomo alikuwa anaficha kakopo kake huko nje, kwa mawe ya mitaro ya shamba.

Siku moja mbuzi wangu akaruka kwake. Nikamfuata, na nikiwa hapo nikaona jiwe moja limekaa vibaya. Jiwe la mtaro likikaa miaka, upande wa juu unapigwa na jua unakuwa mweupe. Hilo lilikuwa limelala kifudifudi, upande wa udongo ndio uko juu. Nikaliinua, kakopo haka hapa. Nikanusa kidogo, maana mimi pia nilikuwa wa kanisa lakini si wa viti vya mbele. Halafu nikakarudisha, lakini si hapo. Nilikaweka ndani ya mkonge wake mwenyewe, katikati ya majani, nikaenda nyumbani kungoja.

Jumapili baada ya ibada akanivuta kando.

"Baba Muli, kuna mtu ameniibia."

"Ameiba nini?"

"Kitu."

"Kitu gani, nikusaidie kutangaza? Mchungaji bado yuko pale."

Akageuka kuangalia kama Mbula yuko karibu. "Wewe! Mpaka saa hii pua yako inanuka. Kakopo kangu kako wapi?"

"Kako kwa kitu kinachoma. Tafuta."

Akatafuta. Alikapata akiwa amekwaruzwa mikono yote miwili. Wiki hiyo mimi nikakosa nyundo yangu. Nikaipata imefungwa chini ya tawi la mchongoma, imepakwa majivu na mavi ya ng'ombe mpaka inafanana na tawi lenyewe. Hapo nikajua huyu mtu amenijibu.

Basi tukaendelea hivyo. Tumbaku aliacha baadaye, kifua kilimsumbua, lakini mchezo hatukuacha. Tukachukua mkebe wa majani ya chai, ule mdogo wa kufunga kabisa. Ndani tunaweka kitu kidogo: kifungo cha koti, mpira wa manati, senti ya zamani yenye shimo. Anayepata anachukua hicho, anaweka chake, anaenda kuuficha tena. Na anayeficha lazima atoe neno moja la kusaidia, Jumapili, nje ya kanisa. Ukiulizwa kitu unaweza kunyamaza, lakini kudanganya hapana.

Mimi niwaambie, kuficha si kuweka kitu mahali pa mbali. Mahali pa mbali mtu atafika tu, ana miguu. Kuficha ni kufanya kitu kifanane na jirani zake. Mkebe ukikaa kwa kichuguu, upake udongo wa kichuguu hichohicho, usilete wa kwako wa nyumbani, rangi itakusaliti. Ukikaa kwa mti, upake ulimbo halafu uviringishe kwa magamba ya mti ule. Na ufute nyayo zako ukirudi. Nzomo alikuwa mzuri kwa kufuta nyayo. Mimi nilikuwa mzuri kwa kupaka. Kuna wakati nilipita karibu na mkebe wake msimu mzima nikienda kuteka maji kwa mto wa mchanga, kumbe umekaa kati ya mawe, umepakwa mchanga. Nilikuwa hata nafungia punda hapo!

Kalondu, bibi yangu, alikuwa anatucheka. "Wazee wawili mnatafutana kama watoto, na ndege wanamaliza mtama."

"Mtama utarudi," namwambia.

"Na akili itarudi lini?"

Kulikuwa na sheria moja nyingine, na ndiyo ilileta mambo. Zamani Nzomo alienda kazi ya barabara huko mbali, na mkebe niliokuwa nimeficha ukabaki nje. Ulikaa, ukashika kutu, mvua ikaingia, kilichokuwa ndani kikaharibika. Aliporudi tukakubaliana: mkebe ukiwa nje, anayetafuta haendi kuishi mbali mpaka aupate. Tukapeana mikono. Hiyo tulikuwa tunaichukua kama kiapo, hata kama ilikuwa ya kuchekesha.

Sasa, baada ya ile njaa ya themanini na nne kwisha, mvua ikawa nzuri. Na mwaka uliofuata Mbula akashikwa na ugonjwa wa sukari. Binti yao Nthenya ameolewa Sultan Hamud, ana duka hapo kando ya barabara, na daktari ako karibu. Nthenya akawajengea chumba. Akasema wazazi wake wote wawili wahamie huko.

Nzomo alikuja kuniambia nikiwa natengeneza ua. Hakuniangalia.

"Tutahama," akasema. "Mbula ataenda kwanza."

Nikaendelea kufunga fito. Ilikuwa zamu yangu ya kuficha, na mkebe ulikuwa mfukoni mwangu.  Nilisema moyoni, wewe Nzomo, huu utaukuta ndevu zako zikiwa zimefika kwa magoti.

Nyinyi vijana wa leo mnajua mizinga ya mbao, ile kama sanduku. Sisi mzinga wetu ni gogo. Unakata mti wa mukau, unachonga ndani unakuwa mtupu kama ngoma, unaziba huku na huku kwa vifuniko, unaacha tundu la nyuki, unachoma alama yako kwa mgongo, unatundika. Na mzinga wa mtu, wee, huo ni wa mtu. Unaweza kuingia kwangu ukachukua jembe, nitakutukana tu, yataisha. Lakini kutia mkono kwa mzinga wangu mimi nikiwa siko? Hapana. Hapa kwetu hata mtoto mtundu hawezi. Mababu walikuwa wanamaliza urafiki wa koo mbili kwa sababu ya hiyo.

Basi nikachonga kamzinga kafupi. Nikaweka mkebe ndani, nyuma kabisa, nikachoma alama yangu, nikakatundika kwa mgunga ulio karibu na mto, mahali mizinga yangu mingine iko. Jumapili nikampa Nzomo neno: "Uko juu ya kichwa chako." Hilo lilikuwa kweli, hata hakuna uwongo ndani.

Akatafuta kwa paa la zizi. Akatafuta kwa matawi yote ya boma. Akapanda ghala la kanisa mpaka mzee wa kanisa akauliza kama anataka kurekebisha mabati. Chini ya mgunga alipita, nilimwona na macho yangu, akasimama, akaangalia juu, akaangalia mizinga, halafu akaenda. Kwa kichwa chake mzinga hauko kwa mahali pa kutafuta.

Kalondu nilimwambia, bibi unaweza kumficha nini. Hakucheka.

"Hapo umemfunga mtu mikono," akasema.

"Hakuna sheria inakataza mzinga."

"Hakuna, kwa sababu hakuna mtu alifikiria mtu ataweza."

Mbula akaenda Sultan Hamud. Nzomo akabaki. Kila jioni anakuja kwangu, tunakula isyo pamoja, mahindi na maharagwe, tunasikiliza redio mpaka betri inachoka. Haki, hizo jioni zilikuwa nzuri. Akiulizwa na watu wa soko utahama lini, anasema, "Bado mkebe." Watu wanafikiri ni mzaha.

Lakini kuna kitu sikuwa nimeona, na ni mikono yangu ilinikosesha. Nilipokuwa nachonga kale kamzinga, mikono ilifanya vile baba yangu aliifundisha. Nilisugua ndani na nta. Nikasugua na majani ya mutaa, yale yananukia. Sikufikiria hata kidogo! Ni kama kunawa kabla ya kula. Kwa mzinga wa kuficha mkebe, nta ni ya nini? Nilikuwa nimewakaribisha nyuki, nikawatandikia.

Na wakaja. Mvua fupi ilipopiga na migunga ikatoa maua, nikakuta wanaingia na kutoka kwa tundu kama watu wa soko la Jumatatu. Nikasimama hapo chini nikashika kiuno. "Asi! Nyinyi nani aliwaita?"

Nikawaacha. Mzinga mtupu unaweza kukaa hapo mpaka uoze, hakuna mtu atauliza. Lakini mzinga wenye asali una wakati wake. Usipouvuna, nyegere atanusa, atauangusha, atavunja kila kitu. Na mimi na Nzomo tumevuna pamoja tangu tukiwa vijana. Yeye anapanda, mimi nashika kamba na moshi. Goti langu halipandi, na yeye nyuki wanamheshimu. Kwa hivyo ilikuwa nivune na mtu mwingine, Nzomo asikie, aulize kwa nini. Au nimwite.

Nikawa nasema wiki ijayo. Wiki ijayo. Asali ikazidi kujaa.

Ndipo Mbula alikuja kusalimia kanisa. Alikuwa amekonda, lakini sauti ni ileile, aliimba mpaka mabati yakasikia. Baada ya ibada akaja kwangu, akaniamkia vizuri, akakaa kwa jiwe.

"Baba Muli, huko Sultan Hamud chumba ni kizuri. Kina saruji chini."

"Nimesikia."

"Nthenya anaamka kwenda duka, watoto wanaenda shule. Mimi napika chakula kidogo, nakula peke yangu." Akatengeneza kitambaa chake. "Tangu niolewe sijawahi kula peke yangu. Huyo mzee huwa anakula akiongea, alikuwa ananichosha. Sasa namaliza kula na bado sijasikia utamu."

Hakutaja mkebe. Hakuniomba kitu. Aliamka, akaniambia nisalimie Mama Muli, akaenda kutafuta gari.

Nilikaa hapo mpaka watu wakaisha. Halafu nikapita kwa Nzomo. Alikuwa anachoma viazi vitamu kwa majivu.

"Kesho jioni," nikamwambia, "tuvune ile ya mto."

"Nilikuwa nafikiri umesahau nyuki wako mwaka huu."

"Kuja na kisu chako."

Tukaenda jua likishuka. Nikawasha moshi. Alipanda wa kwanza, akavuna, mzuri. Wa pili, mzuri. Halafu akafika kwa kale kafupi.

"Baba Muli! Haka ulichonga lini?"

"Vuna tu."

"Ni kafupi kama mguu wako." Akafunga kamba, nikakashusha pole pole, akateremka. Akafungua kifuniko, nikapuliza moshi. Masega yalikuwa meupe, ya asali safi, na anajua kukata bila kuharibu mtoto wa nyuki. Alikuwa anaongea hadithi ya ng'ombe wa Kiema aliyekwama kwa tope. Kisu kikagonga kitu. Kang.

Hadithi akaiacha. Akagonga tena. Kang.

Alitia mkono mpaka kwa kiwiko, akautoa mkebe. Nyuki walikuwa wameuzungusha nta na ile gundi yao nyeusi, umeshikana na mzinga kama umezaliwa hapo. Akaupanguza kwa shati. Akaniangalia. Nikafikiri atakasirika, na angekuwa na haki.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini na nyuki wanamzunguka masikio.

"Wewe mzee! Wewe mzee mbaya! Kumbe mpaka nyuki umewaandika kazi!"

"Hao walijileta."

Akafungua. Ndani nilikuwa nimeweka kifuniko cha lile kopo lake la kwanza, la tumbaku. Nilikipata kwa mkebe alipoacha tumbaku, nikakitunza miaka yote kwa sanduku la misumari. Akakigeuza geuza. Akakinusa. Kicheko kikaisha taratibu.

"Ungeweza kuita mtu mwingine avune," akasema.

"Ningeweza."

"Mbula alikuja kwako."

"Alikuja. Hakusema kitu."

"Huyo asiposema ndio amesema." Akatia mkebe mfukoni, asali na kila kitu, na tukamaliza kuvuna.

Akahama. Nilimsindikiza mpaka stendi, nikampa kibuyu cha asali kwa Mbula, halafu nikakumbuka sukari yake, nikasema basi kiwe cha Nthenya. Jioni hiyo niliwasha redio, nikazima. Kalondu akaleta sahani yake akakaa karibu na mimi, na kawaida alikuwa anakula jikoni.

Halafu kabla mahindi hayajakauka, kondakta wa basi akasimama kwa soko akiuliza Baba Muli ni nani. Alikuwa ametumwa neno na mzee wa Sultan Hamud. Akasema, "Ati nikuambie, treni ikipita, unatetemeka."

"Nani anatetemeka?"

"Mimi sijui, mzee. Mimi nimeambiwa hivyo."

Nilivaa koti. Kalondu akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda siku moja tu. Nikapanda gari mpaka Machakos, nikapanda ingine. Nzomo alikuwa ananingoja kwa duka la Nthenya, amekaa kwa debe, amenona.

"Umekuja kutafuta?"

"Nimekuja kutafuta nirudi kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi?" Akamwita Mbula. "Mama Nthenya, sikia huyu! Baba Muli, sheria ilisema nini? Mkebe ukiwa nje, anayetafuta anaenda kuishi mbali?"

Nikavua koti. 

"Kanyangi ni karibu na hapa?" akauliza.

Mbula akatoka anajipangusa mikono, na huyo mama wa kanisa alikuwa anacheka mpaka meno ya nyuma. "Kitanda nimeshatandika," akasema.

Kesho yake tukatembea kando ya reli, mimi naangalia, yeye nyuma yangu, mikono mgongoni, ananyamaza kama sheria inavyoruhusu. Treni ya mizigo ikapita, ua wa reli ukatetemeka wote. Ni nguzo za chuma, zina kutu, zote ndugu. Nikaziangalia moja moja. Alikuwa amejifunza kupaka, huyu mtu. Rangi ilikuwa ya kutu kabisa.

Lakini jua lilikuwa kali, na nta ikipata jua inanukia. Kwa kichwa cha nguzo moja nyuki mmoja alikuwa anazunguka, anatua, anazunguka tena.

Nikamwangalia huyo nyuki. Nikamwangalia Nzomo. Yeye alikuwa anaangalia treni ikipotea upande wa Emali, ametulia.

"Umeona kitu?" akaniuliza.

Kudanganya hapana, kunyamaza ruhusa. Nikamshika mkono.

"Mbula amesema kuna chai," nikamwambia. "Twende tunywe kwanza."