Kitanda cha Dirishani

"Hata kuku anajua atalala wapi!" dada yake alimfokea. Lakini fundi cherehani alikuwa ameshakata shauri: Mungu amemtuma kupeleka Injili ng'ambo, mengine atayajua hukohuko. Asubuhi ya kwanza katika nchi ya watu aliacha begi lake nyumba ya wageni, akauliza njia ya hospitali. Alipofika wodini akamwuliza muuguzi, "Nani hapa hana mtu wa kumtazama?"

Muuguzi akamwonyesha mzee mmoja kwenye kitanda cha dirishani, mikono yote miwili imefungwa bandeji, supu imepoa mbele yake.

"Kama umekuja kunihubiria, mama, rudi ulikotoka," mzee akasema.

"Nimekuja kukulisha, baba. Fungua mdomo."

Mzee akamkazia macho, kisha akafungua. Akanywa supu yote. Fundi akampangusa kidevu, akaenda kuosha bakuli.

"Na kesho?" mzee akauliza, uso kaugeuzia dirishani.

"Kesho nipo. Na keshokutwa pia."

Jioni alimpigia dada yake simu, akamwambia kazi ameshaipata, na wodi ina vitanda ishirini.