Chembe Kwenye Mto wa Mama Mkwe

Asubuhi ya tatu mfululizo mshonaji alizikuta tena: chembe za kahawia, ndogo kuliko ufuta, zimetapakaa kwenye mto wa mama mkwe wake. Moyo ukamlipuka. Jana tu alichemsha mashuka, akaanika godoro, akamwagia chaga maji ya moto. Kunguni gani hawa wasiojua kufa?

“Mbona sijawashwa hata kidole?” alisema mama mkwe, ambaye tangu avunjike nyonga alikuwa mtu wa kitandani. “Au nyama yangu imezeeka, hawaitaki?”

Mshonaji hakucheka. Alilowesha kitambaa cheupe, akasugulia chembe. Kinyesi cha kunguni kingeacha doa. Hizi hazikuacha kitu. Zilikwaruza kama mchanga. Akaukung'uta mto, akautandikia kitambaa kingine, akaketi kuangalia. Kabla ya adhuhuri ikadondoka chembe moja. Kisha nyingine.

Zilitoka juu.

Akainua macho taratibu. Boriti iliyobeba paa ilipita sawia juu ya kichwa cha mama mkwe, imepakwa rangi ikapendeza. Ila ilikuwa na tundu, dogo kama la sindano.

Alikimbia kumwita seremala, jirani waliyempa jina la Polepole. Seremala akapanda ngazi, akagonga boriti kwa kidole. Ikalia kama debe tupu. Akachomeka bisibisi, ikazama mpaka mpini. Hakuthubutu kuichomoa.

“Shemeji,” alinong'ona, “mtoe mama. Sasa hivi. Kitanda usikiburute.”

“Kuna nini?”

“Mchwa. Hizo chembe ni kinyesi chao. Wamebakiza rangi tu.”

Mshonaji akainama kitandani. Akamkumbatia mama mkwe, akamnyanyua.

“Nyonga yangu! Taratibu, mwanangu!”

“Vumilia, mama, nakuomba.”

Nyuma yao boriti ikatoa mlio mkavu, kaa! Mshonaji hakugeuka. Mlango ulikuwa hatua saba, na kila hatua alingoja paa limfunike. Polepole aliruka kutoka juu ya ngazi. Siku hiyo jina halikumfaa.

Boriti ilipinda, haikuanguka. Polepole aliikingia nguzo mbili, na kesho yake akaishusha vipande vipande, vyepesi kama maganda. Mama mkwe alihamishiwa sebuleni, akalala fofofo. Mkwewe ndiye aliyekosa amani. Wiki nzima, vumbi likimwangukia tu mkononi, alisimamisha cherehani, akatazama juu, akasikiliza.