Kilometa Kumi na Nne za Likungula

Jumanne moja ya mwezi wa Julai, mwaka tisini na tatu, Beda Komba alikaa uani kwake juu ya kinu kilichopinduliwa, akikwangua vifundo vya mianzi miwili kwa panga ili wabebaji wasichubuke mabega. Mianzi ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Zamu ya kutunza machela ya kijiji ilikuwa ya kaya yake, na kaya yake siku hizo ilikuwa watu wawili tu: yeye, na binti yake Noela, ambaye alikuwa ndani anapimwa tumbo na mkunga.

Mkunga, Mama Mwanahawa, alitoka akijifuta mikono kwa khanga. Alisema mimba ina miezi mitatu na imekaa vizuri, ila nyonga ni zile zile za marehemu mama yake, hazina nafasi. Huyu ni wa kupasuliwa, hospitali kubwa, Songea. Kwa hiyo aanze safari wiki hii.

"Wiki hii?" Beda akauliza. "Hata mahindi hatujamaliza kupukuchua."

"Pukuchua wewe. Notburga jirani yako aliondoka na mimba ya miezi mitano, akajiona ana muda, akazalia kituo cha thelathini na moja, kwenye manyasi. Unataka na huyu?"

Beda hakutaka. Akaendelea kukwangua.

Barabara ya kutoka Likungula kwenda Lusewa ilikuwa inarefuka. Kutoka Lusewa kwenda Songea hakukuwa na shida, magari yalikuwepo na barabara ilikaa pale pale ilipowekwa. Lakini kipande cha Likungula, tangu greda lilipoacha kuja, kila mvua zikikatika kilikutwa kimeongezeka. Wa kwanza kujua walikuwa wabebaji wa machela. Mgonjwa hubebwa na watu wanne, na wengine wanne hutembea pembeni mikono mitupu. Wakifika kituo wanapokezana. Vituo vilikuwa sita tangu enzi za babu zao, kila kimoja na jina lake. Mwaka themanini na saba wabebaji waliona kwamba kati ya Darajani na Msukuni mabega yanawaka moto kabla ya kufika, wakaweka kituo kipya katikati. Mwaka uliofuata wakaweka viwili. Baadaye vikatokea vilima visivyo na jina, na mito miwili, na bonde moja refu, kavu, ambalo walilipa jina la Soko Huria, kwa kuwa ndilo neno walilolisikia sana redioni mwaka lilipotokea. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Daimu, aliviandika vituo vyote kwenye daftari mpaka daftari likajaa, na daftari jingine halikupatikana.

Watu walirekebisha mambo yao. Mwenye jino linaloanza kuuma aliondoka siku hiyo hiyo. Vijana waliokwenda kutafuta kibarua mjini waliagwa na katekista kwa ibada, mama zao wakilia kabisa. Ibra, mchuuzi wa mitumba, alikuja mara moja kwa mwaka, na nguo alizoagizwa zilikuwa za watoto waliokwisha kukua. Lori la mbolea la ushirika lililotoka mjini mwaka themanini na tisa lilikuwa bado njiani. Upepo ukitoka upande ule lilisikika likihangaika na kilima, na dereva wake alishatuma salamu mara mbili. Beda alisema wakubwa wanaona heri lisifike, maana likifika wataulizwa la pili liko wapi.

Mkewe, Kunegunda, alifia kwenye barabara hiyo mwaka tisini. Alishikwa na uchungu wa mtoto wa mwisho siku ya Alhamisi, na wakati huo Lusewa ilikuwa mwendo wa siku nne. Beda alibeba mbele, upande wa kulia, na hakukubali kupokewa. Jumamosi mchana aliona machela imekuwa nzito kwa namna nyingine, akajua bila kugeuka. Kurudi ilikuwa mbali, kwenda ilikuwa mbali. Wakamzika pale pale pamoja na mtoto wake, kituo cha tisa, penye jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala.

Mwaka wa kwanza Beda alikwenda kaburini na kurudi kwa siku nne. Mwaka wa pili, siku kumi na tisa. Sasa kwenda na kurudi kungemla miezi minne, kwa sababu barabara haikurefukia mwishoni tu, ilirefuka kila mahali, na kaburi lilikuwa linamwacha taratibu. Sikukuu ya Marehemu Wote, wenzake walipokwenda kupalilia makaburi yao nyuma ya kanisa la kigango, yeye alipalilia ukingo wa barabara mahali inapoanzia, hatua kumi hivi, akarudi nyumbani.

Kwa hiyo alipoambiwa habari ya nyonga za Noela, aliamua jambo moja. Atakwenda naye. Atabeba ile machela mpya, awatafute wenye mabega kila kijiji kilichotokea njiani kama kipo, na mtoto huyu atazaliwa chini ya bati.

Alhamisi, Noela akiwa anatwanga mahindi ya unga wa safari, alifika afisa kutoka mjini. Jina lake lilikuwa Remmy. Alikuwa anasukuma gurudumu la kupimia lenye mpini, na gurudumu lenyewe lilikuwa limelika upande mmoja. Aliondoka Lusewa mwezi Machi, kwa hiyo ndevu zilikuwa zimemfika kifuani na viatu alishavitupa. Akaamkia shikamoo, akauliza kama hapo ndipo kwa Mzee Beda Komba. Beda akaitikia marahaba, akampa maji ya moto ya kuoga, akampa ugali na dagaa wa Nyasa, akangoja mgeni amalize kunawa.

Remmy alieleza kwamba ametumwa kwa ajili ya barua za Mwenyekiti Daimu za kuomba zahanati, zile za miaka sita. Utaratibu ulikuwa hivi: kijiji kilicho ndani ya kilometa kumi na tano hutumia zahanati ya jirani, na kilicho nje ya hapo hujengewa ya kwake. Likungula kwenye faili ni kilometa kumi na nne kutoka zahanati ya Lusewa.

"Na hilo gurudumu linasemaje?" Beda akauliza.

Remmy akainama, akapangusa vumbi kwenye kihesabio. Kilisema elfu mbili mia moja na sita.

"Basi andika."

"Naandikaje, mzee? Fomu ina visanduku viwili. Tarakimu mbili, basi."

"Andika pembeni."

"Pembeni hapasomwi."

Beda alitaka kujua hiyo kumi na nne ilitoka wapi. Remmy akafungua faili, akamsomea bila haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Mwaka themanini na sita alikuja afisa mwingine, na umbali aliuandika kwa maelezo ya mwenyeji aliyesema si mbali. Jina la mwenyeji lilikuwa Beda Komba.

Beda alimkumbuka mtu huyo. Pikipiki ilimharibikia, akaingia kijijini kwa miguu, vifundo vimevimba kama viazi. Alipokuwa anaaga aliuliza Lusewa ni mbali, na Beda akamjibu kama kila mtu wa kule anavyomjibu msafiri: si mbali, hapo tu. Wakati ule kilometa zilikuwa thelathini na kidogo. Lakini ukimwambia thelathini mtu mwenye miguu ile, atakaa chini, na akishakaa utamlisha wiki nzima. Mtu huambiwa hapo tu, anapata nguvu, anaondoka, na huko mbele anamkuta mwingine wa kumwambia hapo tu. Ndivyo watu wa Likungula walivyofika kila mahali walikofika.

"Mwenyeji humtia moyo mgeni," Beda alisema. "Kupima ni kazi ya serikali."

"Mimi sikatai, mzee. Ila jina ni lako."

Remmy hakuwa mtu mbaya. Alisema jambo hilo linarekebishika. Yeye atapeleka taarifa, na itaundwa kamati ya kuja kuhakiki. Kamati ikifika, sharti imkute mwenyeji yule yule, nyumbani kwake, afute maneno yake kwa mkono wake. Isipomkuta, faili linafungwa. Alipoulizwa kamati itakuja lini, alisema wakati wowote. Kesho yake akageuza gurudumu, akaanza kurudi, akipima upya kwa sababu utaratibu ulitaka vipimo viwili.

Noela alikuwa amesikia yote akiwa kwenye kinu.

"Kwa hiyo, baba, mimi nasindikizwa na fomu," alisema.

"Unasindikizwa na Mama Mwanahawa. Mimi nikikutwa hapa zahanati inajengwa. Mtoto wako wa pili utamzalia ndani yake, pale kwenye kiwanja cha shule."

"Tungoje huyu wa kwanza atoke salama ndipo tumpangie wa pili."

Beda alimwomba akifika kituo cha tisa ang'oe majani, yasimzidi mama yake. Noela akasema ataona, akaendelea kutwanga, na alitwanga kwa nguvu kuliko mahindi yalivyohitaji.

Waliondoka Jumapili baada ya ibada, yeye na Mwanahawa, na unga na chumvi na sufuria moja. Mume wa Noela, Valence, alikuwa ametangulia miezi miwili nyuma kwenda kutafuta chumba Mjimwema, huko Songea. Mwanahawa alisema watamkuta njiani, maana wanaume wakiwa peke yao hupumzika sana. Beda aliwasindikiza mpaka kibao cha kijiji. Zaidi ya hapo angeweza kuambiwa hakukutwa nyumbani.

Barabara ilikuwa imenyooka upande ule, na kwa jinsi ilivyokuwa ndefu, watu waliokuwa wanaondoka walichukua muda mrefu kutoweka. Asubuhi ya pili Beda aliwaona bado. Wiki ya pili aliwaona wadogo kama kuku. Kila siku kabla ya kushika jembe alifika kwenye kibao, akakinga jua kwa kiganja, akatazama. Mwezi wa tisa walikuwa punje mbili za mahindi, na moja, akikazia macho, ilikuwa imeanza kuvimba upande wa mbele. Mwezi wa kumi ilikuwa punje moja, sijui mmoja alikuwa amekaa, sijui walikuwa wanatembea wamekumbatiana. Halafu mvua za kwanza zikanyesha, nyasi zikaota, barabara ikaongezeka kama kawaida yake, na hakukuwa na kitu cha kutazama.

Kamati haikuja mwaka ule. Beda hakwenda shamba la mbali, hakwenda hata msibani kijiji cha pili. Alilima vijishamba vilivyokuwa karibu na nyumba na kupanda tumbaku kidogo mlangoni, ili mtu akiita hodi amsikie. Alisonga ugali wa mtu mmoja, na kwa kuwa mkono wake ulizoea wa watu wawili, kila mara ulibaki. Mwenyekiti Daimu alimpitia mara moja moja, wakakaa, wakawasema wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao mpaka wakawamaliza, kisha Daimu akaenda kuswali. Mwaka wa pili kamati haikuja. Mwaka wa tatu Daimu akafa, wakamzika jirani na nyumbani kwake, na Beda, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumbana, alilionea wivu kaburi lile, jinsi lilivyotulia mahali pamoja.

Ibra alifika mwaka tisini na saba, mwezi wa nane, na robota lake la mitumba na barua mbili.

Ya kwanza ilikuwa na mhuri. Beda alifika darasa la tatu tu, kwa hiyo aliisoma polepole, kidole kikitangulia. Ilisema kwamba kamati ya uhakiki iliundwa, ikasafiri mpaka Lusewa, ikaanza safari ya Likungula kwa gari, na siku ya kumi na moja, kwa sababu ya umbali, ikaona haiwezekani kufika, ikarudi. Kwa kuwa uhakiki haukufanyika, takwimu za awali zinabaki zilivyo. Kijiji kiko kilometa kumi na nne kutoka zahanati ya jirani na hakistahili kujengewa. Kijiji kinashukuriwa kwa ushirikiano.

Aliikunja, akaiweka chini ya godoro pamoja na cheti cha ubatizo.

Ya pili ilikuwa ya Noela, na tarehe yake ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Walifika hospitali siku mbili kabla ya uchungu. Alipasuliwa, wa kike, wote wazima, jina Kunegunda. Mama Mwanahawa alipata ukunga wa mtaani huko huko, kurudi hakutaka. Valence anashona viatu mtaa wa Mfaranyaki. Majani pale kituo cha tisa aliyang'oa, na jiwe bado lipo. Alisema hana raha kumwacha baba peke yake, kwa hiyo mtoto akianza kutembea vizuri watafunga mizigo waje, asichoke kungoja.

Beda akafanya hesabu kwa vidole. Mtoto alishaanza kutembea. Kwa hiyo walikuwa tayari njiani, au walikuwa wanafunga mizigo, na huko njiani msichana angekua, avunje ungo penye jiwe lisilo na jina, afike Likungula akiwa mwanamke mwenye nyonga zile zile.

Alimwomba Ibra kalamu. Alichukua asubuhi mbili kuandika, na maneno yote yalikuwa matano: Msije. Kaeni huko huko. Baba. Alimwambia Ibra aipeleke Mjimwema, na kama atawakuta mahali popote barabarani, hata kama wamebakiza siku moja, awape na kuwageuza.

Ibra aliitia barua kwenye mfuko wa shati, akafunga robota lake. Alisema kwa anavyowajua watoto wa kike, huyu hatageuka kwa karatasi, labda asikie mzee yu hali gani.

"Mwambie mzima," Beda alisema. "Mwambie umenikuta natembea."

Alisimama wima pale uani mpaka Ibra alipopita kibao. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, ndipo akakohoa.