Mchana wa Mkokoni

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, kipindi cha kwanza kikiwa kimefika katikati, watoto wa Mkokoni waliingia darasani na umande miguuni. Walisimama mlangoni wakipangusa macho. Nje jua lilikuwa limeshapanda, na mabati ya shule yalikuwa yameanza kulia kwa joto. Mwalimu Swabir aliwauliza walikuwa wapi.

"Kulikuwa hakujakucha, mwalimu," alisema Bushra, msemaji wao kwa kila jambo.

Watoto wa Shimoni walicheka. Swabir hakucheka. Mkokoni ni kitongoji cha nyumba chache za makuti kando ya Kibuyuni, na yeye mwenyewe alizaliwa huko kabla ya kupanga chumba karibu na shule. Mamake, Mwanapili, angali akilima mwani huko. Swabir hakupenda kudanganywa, na kudanganywa na watu wa kwao alikuona ni kutemewa mate. Aliwasimamisha nyuma ya darasa, nyuso zikitazama ukuta, akaendelea kufundisha.

Somo lilikuwa la miji ya siri. Alilibuni mwenyewe na alijivunia. Ubaoni aliandika miji isiyo na majina, na mbele ya kila mmoja akaweka saa za nuru ambazo mji huo huzipata mwezi wa Juni. Kazi ya watoto ilikuwa kutafuta kila mji uko wapi. Mezani iliwekwa dunia, yaani boya la rangi ya chungwa lililotupwa ufuoni na mawimbi, nalo alikuwa amelichora ikweta, mabara na mistari mingine kwa piko ya dadake, ile rangi nyeusi ya kujipamba mikono. Aliwafundisha kwamba katika Juni mchana hurefuka kadiri unavyopanda kaskazini, na hufupika kadiri unavyoshuka kusini. Mji wenye saa kumi na mbili za nuru ulikuwa Kisumu. Wenye kumi na saba ulikuwa Skotilandi. Wenye saba ulikuwa kwenye ncha ya Amerika Kusini, ambako ukipita unakutana na barafu.

"Mtu aweza kukudanganya jina la kwao," aliwaambia. "Mchana wa kwao hauwezi kukudanganya. Hesabu mchana, utajua mtu anaishi wapi."

Akawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja ahesabu mchana wa kwao tangu jua lichomoze mpaka litue.

Kesho yake watoto wa Shimoni walileta kumi na mbili. Watoto wa Kibuyuni walileta kumi na mbili. Watoto wa Mkokoni, mmoja baada ya mwingine, walileta saba. Swabir aliwaambia wamenakiliana uvivu, na kwamba mtu akihesabu akiwa amelala, lazima hesabu nayo ilale. Darasa lilicheka tena. Bushra alingoja kicheko kiishe.

"Njoo uhesabu wewe, mwalimu," alisema. "Ni kwenu pia."

Alasiri hiyo Swabir alikwenda. Alitembea jua likimchoma kisogo mpaka kwenye pinda la njia, pale ulipoanzia ukuta mweupe wa jumba la wageni lililojengwa rasini, na hapo aliingia giza la magharibi kama mtu anayeingia chumbani. Mguu wa nyuma ulikuwa na kivuli. Wa mbele haukuwa nacho. Kuku walikuwa wamekwisha kupanda kwenye matawi. Mzee Zahoro, muadhini, alikuwa akiadhini Maghrib, na saa ya mkononi mwa Swabir ndiyo kwanza imepita kumi. Alikuwa hajaswali Alasiri. Alitia udhu, akaiswali haraka pembeni, kisha akaingia safuni kuswali Maghrib pamoja na wenzake.

Baada ya swala alimwamkia mzee na kumuuliza mambo haya yameanza lini.

"Tangu walipomaliza ukuta," alisema Mzee Zahoro. "Jua lilianza kuchelewa kuja, na likija lina haraka ya kuondoka."

"Na hamkusema?"

"Tumwambie nani? Sisi twaswali kwa jua. Likisogea, twasogea. Saa za mkononi ni za watu wa ofisi."

Ndivyo ilivyokuwa. Jua lilipopunguza dakika chache, Mkokoni ilivuta swala dakika chache. Lilipopunguza saa, ikavuta saa. Hakuna aliyepitwa na swala hata moja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyehisi kwamba ameibiwa. Waliufuata mwendo wa jua kwa uaminifu mkubwa hata mwizi hakuhitaji kujificha.

Mwanapili alikuwa kwenye chanja zake, akigeuza mwani kwa mwanga wa taa ya sola. Swabir alimpa shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, akamwekea mwanawe fungu la mwani kiganjani. Lilikuwa jeupe, laini, na linanuka. Alimwambia kwamba mwani wahitaji jua la kutwa, nao siku hizi hupata jua la salamu tu. Mnunuzi alikuwa ameukataa mara mbili. Kisha akamweleza la pili, ambalo alilisema polepole zaidi. Jumba la wageni lilikuwa limeomba lipewe ufuo wote wa Mkokoni pamoja na kitongoji chenyewe, likidai kwamba ardhi haitumiki, kwa sababu muda mwingi wa siku haonekani mtu akifanya kazi.

"Watu wa serikali watakuja kusikiliza shauri wiki ijayo," alisema. "Wakizichukua chanja na nyumba, baba, mimi nitapanda mwani juu ya mchanga wa nani?"

Swabir alikwenda moja kwa moja kwenye lango la jumba. Bawabu alikuwa Sefu, waliyecheza naye utotoni, naye alikuwa amevaa miwani ya jua. Nyuma yake, kupitia nondo za lango, nyasi zilikuwa za kijani kibichi na mchana ulikuwa mweupe. Wageni walijilaza kando ya kidimbwi wakijipaka mafuta. Sefu alieleza bila kificho. Wageni wa mwanzo walilalamika kwamba huku jua linatua mapema mno. Kwao, mwezi wa Juni, watu hula chakula cha jioni nje, na bado kuna mwanga. Uongozi ulilishughulikia lalamiko.

"Lachomoza kwenu saa ngapi?" Swabir aliuliza.

"Kabla ya adhana ya Alfajiri ya Shimoni. Na kutua, mimi huswali Isha huko huko, nikarudi zamu, ndipo latua." Sefu alivua miwani, akaifuta. "Usinitazame hivyo, bwana. Mimi nalinda lango. Jua silo nililoajiriwa kulilinda."

Sefu alikubali kuhesabu, kwa kuwa alikuwa mjomba wa Bushra na hakuwa na kazi nyingine hapo langoni. Alileta kumi na saba. Swabir aliziandika ubaoni, saba za Mkokoni chini ya kumi na saba za jumba, akawauliza watoto wanaona nini. Bushra aliona kwanza.

"Ishirini na nne," alisema. "Kumi na mbili zetu na kumi na mbili zao. Hakuna kilichopotea, mwalimu. Kimehama tu."

Swabir alisimama mbele ya ubao kifua mbele. Tangu siku ya kwanza ya kazi yake hakuwahi kuona hesabu iliyonyooka namna ile. Siku zote zilizobaki aliwazoesha watoto, wakarudia na kurudia, na nyumbani kwa mamake alisema kwa sauti iliyovuka ukuta kwamba safari hii wamekutana na watu waliosoma.

Shauri lilisikilizwa chini ya turubai katika uwanja wa shule, adhuhuri, mahali ambapo mchana ulikuwa haujaguswa na mtu. Afisa wa mipaka ya ardhi alikuja na gari na kiti chake mwenyewe, akitokea kuikagua Mkokoni. Meneja wa jumba, Bwana Rai, alikaa kuliani kwake akijipepea. Watu wa Mkokoni walikaa kwenye mkeka, wamejifunga shuka mabegani, maana baridi ilikuwa imeanza kuzoea kwao.

Swabir hakutoa hotuba ndefu. Alisema kwamba watu hawa wamenyang'anywa jua, na kwamba aliyewanyang'anya jua ndiye huyo huyo anayewaita wavivu wa gizani. Kisha akawaachia watoto. Walieleza ikweta. Walieleza kaskazini na kusini. Walizungusha boya mbele ya kurunzi ndani ya sanduku la karatasi ili afisa aone kwa macho yake. Walitaja saba, wakataja kumi na saba, wakajumlisha. Hakuna aliyekosea hata neno. Mwanapili alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaketi wima.

Afisa alisikiliza kwa makini. Alimuuliza Bwana Rai kama anazipinga hesabu. Bwana Rai alisema hazipingi hata kidogo, na kwamba wageni wake wangefurahi kuzisikia. Afisa akamwita Bushra karibu, akampa boya.

"Umefundishwa vizuri, binti," alisema. "Nionyeshe mahali penye saa saba za nuru mwezi huu."

Bushra aliulizwa swali analolijua, akalijibu. Kidole chake kiliteremka boya lote, kikavuka ikweta, kikakaa kwenye ncha ya Amerika Kusini.

"Basi Mkokoni iko huko," alisema afisa. "Na huko si mamlaka yangu. Siwezi kuwapa watu wa huko ardhi ya Kwale."

Katibu wake aliandika. Swabir alisimama, akasema kwamba huo ni upumbavu, kwamba afisa amefika Mkokoni leo asubuhi kwa gari, bila kuvuka bahari yoyote. Afisa alimwomba achague: ama hesabu zake ni za kweli, ama amewaleta watoto hapa wadanganye mbele ya serikali. Swabir aliwatazama watoto. Uwanja mzima ulimngoja. Alisema hesabu ni za kweli.

Aliyeinuka baada yake ni Mwanapili, akiiburura shuka.

"Na wale wa nyuma ya ukuta?" aliuliza. "Bushra, mwanangu, waonyeshe na wao wako wapi."

Kidole cha Bushra kilipanda mpaka Skotilandi. Watu wa mkekani walicheka kwa mara ya kwanza tangu ukuta ujengwe. Afisa aliwaacha wacheke.

"Ni kweli, nao hawako Kwale," alisema. "Lakini wao wana hati. Mwenye hati haulizwi yuko wapi."

Akafunga shauri. Alikunja kiti chake, akamshukuru mwalimu kwa kuirahisisha kazi ya serikali, akaondoka.

Baada ya hapo mambo yalifuata utaratibu. Kwenye pinda la njia kiliwekwa kizuizi. Watu wa Mkokoni, kwa kuwa walikuwa wageni nchini, walipewa vibali vya kukaa kwa muda, na Sefu alihamishwa kutoka langoni akawe anavikagua. Alimwamkia kila mkubwa kwanza, kisha akaomba kibali. Usiku ulipokuwa mrefu zaidi, baridi iliongezeka, na asubuhi moja, baada ya saa tatu, Mwanapili alikuta mwani wake umegandana na chanja. Aliubandua kwa kisu. Juu ya ukuta ulikuwa ukimwagika utepe wa jua, upana wa kiganja, nao akaanza kuisogeza chanja moja nyuma ya utepe huo kutwa nzima. Bwana Rai alipoarifiwa, ukuta uliongezwa matofali.

Swabir alikuwa akimletea mamake sweta, moja moja, kila Ijumaa. Mwanapili alizipokea na kuzivaa. Hakumlaumu. Alimwambia tu akae karibu na moto, kwa kuwa yeye hajazoea hali ya hewa ya huku.

Mwisho wa muhula mwalimu mkuu aliutunga mtihani yeye mwenyewe, akaweka swali la miji ya siri, kwa sababu darasa lile lilikuwa limepata sifa. Mji wa tano ulikuwa na saa saba za nuru. Watoto wote waliandika Amerika Kusini, isipokuwa Bushra, aliyeandika Kwale. Kwenye karatasi yake Swabir aliweka alama ya vema, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu mkuu, alipopitia usahihishaji, alilikata jibu hilo na kuandika pembeni kwamba halilingani na jedwali.

Bushra aliirudisha karatasi mkobani. Ilikuwa saa tisa na nusu, na jua la Shimoni lilikuwa kali. Alifika kwenye kizuizi nuru ya Mkokoni ikimalizika, akampa mjomba wake shikamoo, akamwonyesha kibali, akavaa sweta, akaingia usiku.