Kengele Wasiyoijaribu

Kanuni ni kanuni: mtoto wako akijadiliwa, wewe unapisha. Basi mwalimu wa fizikia akatoka, akakaa kwenye benchi la koridoni, mkoba kifuani, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Ndani walibaki mkuu wa shule na mwalimu wa kemia, wakiwa na nafasi moja ya kugawa. Darasa la vipaji la shule ile ya serikali ni dogo, kwa kuwa meza za maabara hazitoshi, na anayepita humo chuo cha uhandisi humchukua bila maswali mengi. Waliobaki kugombea ni wawili: binti yake mwalimu, na shoga wa binti huyo, mtoto wa fundi wa kuchomelea, ambaye shule nzima inamwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika. Kila mmoja alitakiwa kuleta kifaa alichokiunda mwenyewe. Binti alileta taa inayojiwasha giza likiingia. Chiriku alileta kengele inayolia tangi la maji likijaa.

Na ile kengele, jamani, ilikuwa na kelele! Wasichana walikuwa wakiunda vifaa vyao kwenye meza ya kulia ya mwalimu, na juma zima ilimpasua masikio mpaka akatishia kuitupa dirishani.

Mlango wa ofisi ulikuwa wa mbao nyepesi, hausitiri siri ya mtu. Akasikia pazia likivutwa na mkuu akisema, "Ona, imewaka!" Akashusha pumzi. Sasa ilikuwa zamu ya kengele. Akangoja. Akangoja tena. Badala ya kengele akasikia vikombe vya chai.

"Na hii nyingine je?" mkuu akauliza.

"Ya nini kujichosha, mkuu?" Mwalimu wa kemia akacheka. "Mtoto wa mwenzetu tumwache nje, halafu kesho tutatazamana vipi? Wangu mwaka jana si mlimpitisha hivi hivi?"

"Haya bwana. Leo kwake, kesho kwangu."

Moyo wa mwalimu ulimruka, na kwanza uliruka kwa furaha, tusidanganyane. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kisha akakumbuka kuwa kengele ya Chiriku haijalia. Alijua la kufanya: asukume mlango aseme, "Iwasheni na hiyo." Alisimama, akashika kitasa, asikizungushe. Mlango ukafunguliwa kwa ndani, na mkuu huyo, kampa mkono.

"Hongera, mama!"

"Ahsante," akasema.

Wakampa vifaa vyote viwili akawarudishie wenyewe. Njia nzima alikuwa anamwomba Mungu akifika Chiriku awe ameshakwenda kwao. Wapi! Walikuwa wote wawili mezani, wanamsubiri.

"Mama, sema basi, roho zinatutoka!" binti akalia.

"Ni wewe," akamjibu, macho chini.

Binti akaruka, kisha akamtazama mwenzake, akajizuia. "Mama, hukunisemea lakini?"

"Nilikuwa nje. Sikusema neno." Na kweli hakusema, na aibu yenyewe ilikuwa hiyo.

Chiriku alinyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea. Halafu akamkumbatia shoga yake, akampa hongera, akajifuta macho kwa kiganja.

"Mama," akasema, maana nyumba ile alimwita hivyo siku zote, "nilikosea wapi? Niambie nirekebishe, nijaribu tena mwakani."

Angeweza kusema hajui. Lakini mwalimu wa fizikia asiyejua kengele, nani atamwamini? Ulimi ukamponza.

"Ile swichi. Umeifunga vibaya."

"Kumbe!" Chiriku hakubisha hata kidogo. Neno la mwalimu kwake lilikuwa la mwisho. Akafungua kifuniko, akachukua koleo, akakata waya mmoja na kuugeuzia upande usiofaa kabisa. "Hivi, mama?" Akashika wa pili. "Na huu nao?"

Mwalimu alikuwa anatazama kitu kizima kikiharibiwa kwa utiifu.

"Acha!" Wote wawili wakashtuka. "Usikate! Ilikuwa sawa. Tangu mwanzo ilikuwa sawa."

Koleo likabaki hewani. Aliyeuliza alikuwa binti yake, polepole.

"Kama yake ilikuwa sawa, mimi nilishindaje?"

Mwalimu akavuta kiti, akaeleza yote: chai, kicheko, kitasa, na ile ahsante yake. Alidhani atakayelia ni Chiriku. Akalia binti.

"Labda ningeshinda mwenyewe, mama. Taa yangu ni nzuri. Mmeninyang'anya hata hilo."

Lo, hilo lilimchoma. Kisha akainuka.

"Chiriku, rudisha waya ulipokuwa. Vaeni viatu, tunarudi shuleni. Watavijaribu vyote viwili, mbele yenu."

"Na nikishindwa?" binti akauliza.

"Utakuwa umeshindwa, mwanangu," akasema, akaenda kufungua mlango kabla hajabadili nia.