Mwamba wa Vituo Sita

Wifi yangu hanipendi, nami simpendi, na hilo halijawahi kuwa siri kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa nasi meza moja. Kwa hiyo siku ripoti ya kuongeza kina cha bandari ilipoletwa maabara tuipitie, nikaona kwamba mshauri mkuu aliyeiandaa ni yeye, nilikwenda moja kwa moja kwa bosi nikaomba nitolewe.

"Ni dada wa mume wangu," nilimwambia. "Sheria inataka nitamke."

Bosi alicheka mpaka akavua miwani. "Tindikali, kama ni wewe na yule, hakuna atakayesema mnapendeleana. Jaza fomu, mtaje, mimi nitasaini. Sura ya matope ni yako."

Tindikali ndilo jina walilonibandika ofisini, na silikatai. Miaka ishirini na miwili napima maji na matope, na sijamlambisha mtu asali akiniletea uongo. Nikabeba majuzuu manne ya ripoti, nikajifungia.

Mradi wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Njia ya meli ina kina cha mita kumi na moja; wanataka ifike kumi na tano ili meli kubwa za makontena ziingie. Matope yatakayonyonywa hayatapelekwa mbali. Yatajaza bonde la maji ya chumvi lililo nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa bandari, pawe uwanja wa makontena, na kando yake kiwanja cha watoto kuchezea. Nyumba hizo nazijua. Ninaishi ya tatu kutoka ukutani, kwa kuwa mume wangu ni mwendesha winchi bandarini. Wifi yangu anaishi juu mlimani, ambako hata harufu ya bandari haifiki.

Sasa, ukitaka kuchimba mita nne, sharti upime mita nne. Unashusha bomba refu kwenye matope hadi mwisho, unalivuta na kilichomo, unaleta maabara. Walikuwa wamepima vituo ishirini. Kumi na vinne vilikuwa safi. Vilivyobaki sita, kwenye jedwali paliandikwa maneno yale yale: "Mwamba. Bomba halikushuka." Na vyote sita vilikuwa mbele ya chelezo cha zamani, ambako kwa miaka arobaini meli zilikwanguliwa rangi na kupakwa nyingine, rangi zenye madini ya risasi na sumu ya kuua viumbe wanaojibandika kwenye chuma.

Ningeweza kuyameza, maana mwamba upo duniani. Lakini mimi nina tabia mbaya ya kusoma sura zisizo zangu. Sura ya tatu iliandikwa na wahandisi. Wao walitoboa palepale, hatua thelathini tu kutoka vituo vile sita, wakaandika kwa furaha kwamba njia yote ni matope laini hadi mita kumi na sita, meli ya kunyonya itatosha, baruti haitahitajika hata kidogo.

Niliisoma mara mbili, nikacheka peke yangu kama mwehu. Wa sura ya tatu hakusoma ya saba, hii yangu ya matope; wa sura ya saba hakusoma ya tatu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa sura nne. Kama ni mwamba, baruti iko wapi? Kama ni matope, matope yangu yako wapi? Nikaliandika swali hilo kwa herufi kubwa, nikalituma.

Jibu lilikuja kwa miguu. Wifi aliingia maabara siku ya tatu, akakiangalia kiti nilichomsogezea, akaona doa, akabaki amesimama.

"Hujambo, wifi," alisema.

"Sijambo, Daktari. Umeniletea matope?"

"Nimekuletea akili." Akatoa bahasha. "Umezisoma karatasi za majini, au uliishia kwenye jedwali? Zisome. Mpaka chini kabisa."

Zilikuwa nakala za karatasi zinazojazwa kwenye boti, moja kwa kila kituo. Juu tarehe na namba, katikati maelezo, chini saini ya aliyeendesha winchi. Nikaitazama saini ile, nikaisogeza kwenye taa. Ilikuwa ya mume wangu. Tarehe zilikuwa za siku nne ambazo aliniambia yuko gati namba mbili, zamu za ziada.

"Sasa andika," wifi alisema taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. "Andika kwamba karatasi ni za uongo. Aliyesaini uongo atafukuzwa kazi, na nyumba ile ni ya kazi. Utahamia wapi, wifi?"

"Umemtia mdogo wako kwenye hili kwa makusudi?"

"Nilihitaji mtu wa winchi ninayemwamini. Bandari ikipata meli kubwa, yeye ndiye wa kwanza kupanda cheo. Mimi namjengea maisha. Wewe unamjengea nini?"

Nilimwambia atoke kabla sijammwagia kitu. Alitoka bila haraka.

Jioni nilimkuta mume wangu nje ya nyumba, anasafisha viatu vyake vya kazi bombani. Jirani alikuwa anaanika nguo hatua nne kutoka pale. Sikumjali jirani.

"Saini hii ya nani?"

Akaiangalia karatasi muda mrefu kuliko inavyohitajika kuitambua saini yako mwenyewe. "Yangu."

"Ulikuwa kwenye boti?"

"Nilikuwa. Dada aliniomba nisikwambie. Alijua mtaanza vita."

"Na saini ni yako?"

"Mama watoto, si nimeshasema ni yangu?"

"Watoto wako watacheza juu ya risasi, wewe umesaini! Kwa sababu dada amesema! Dada akikwambia ruka, unaruka. Wewe si mume, wewe ni mwanamume wa kukodishwa!"

Jirani aliacha kuanika. Mume wangu alifunga bomba. Nikaitupa karatasi kwenye ndoo yake ya maji machafu, nikaingia ndani.

Najua kwa nini anamsikiliza. Wazazi wao walipofariki, yeye alikuwa na miaka sita na dada kumi na saba. Dada aliacha shule miaka miwili akamlea, akafua nguo za watu, akarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wote, akasoma mpaka udaktari. Jambo hilo siwezi kumnyang'anya, na ndilo linaloniudhi zaidi. Ukimchukia mtu ambaye hajawahi kumtendea wema yeyote, unalala vizuri.

Siku tisa hatukusemezana. Alilala sebuleni, tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji wasiojuana. Watoto walibeba ujumbe: mwambie baba chai ipo, mwambie mama chumvi imekwisha. Nami kila asubuhi niliufungua ukurasa wangu wa maoni nikijaribu kufuta swali lile, nikashindwa. Nilijiambia nyumba itapatikana nyingine. Kuhusu mume sikujiambia kitu.

Siku ya kikao cha kuamua mradi, ukumbi ulijaa. Kamati ya watu saba, vipaza sauti, chupa za maji, na kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha matone kwenye ndoo. Nilisimama nikazisoma sura mbili, aya kwa aya. Mhandisi wa sura ya tatu akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Watu wakaanza kunong'ona. Nilijiona nimeshinda, na nakiri nilifurahi.

Wifi akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, kabla hatujaendelea. Mhakiki atuambie saini iliyo kwenye karatasi za vituo hivyo sita ni ya nani."

Mwenyekiti akanigeukia.

"Ya mume wangu," nilisema.

"Kwenye fomu yake ya kutamka uhusiano amenitaja mimi. Mume hakumtaja. Anahakiki kazi ya mumewe, Mwenyekiti, na amelificha hilo mbele ya kamati yako."

Nilieleza kwamba sikujua wakati najaza. Nilieleza kwa sauti ya juu kupita kiasi, na mtu anayepiga kelele hasikiki. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma ya kuudhi. Akasema maoni yangu yanawekwa kando, nisubiri nje, na mwendesha winchi aitwe kutoka bandarini aithibitishe saini yake, maana ni mageti mawili tu kutoka pale.

Nikatoka. Pale koridoni palikuwa na benchi, na mlango wa ukumbi haukufunga vizuri kwa sababu ya nyaya zilizopita chini yake. Nilikaa karibu na mwanya nikisikiliza. Sasa niliona jinsi wifi alivyopanga: tangu alipomchukua mdogo wake kwenye boti alijua karatasi zitanifikia mimi.

Baada ya nusu saa mume wangu alikuja, koti la rangi ya chungwa, kofia ngumu mkononi. Alinipita bila salamu, akaingia.

"Saini hii ni yako?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo."

Wimbo ule ule. Nikafumba macho.

"Na maelezo haya, kwamba ni mwamba na bomba halikushuka, ni yako?"

"Hapana."

Mtu mmoja alikohoa.

"Eleza."

"Karatasi tunazisaini asubuhi, Mwenyekiti, zote, kabla boti haijaondoka. Zikiwa tupu. Ukishashika matope huwezi tena kushika karatasi, utaichafua. Jioni kiongozi wa kazi anazijaza kutoka kwenye daftari lake. Ndivyo tunavyofanya sote."

"Bomba lilishuka?"

"Vituo vyote. Pale kwenye chelezo lilishuka lenyewe, kama kijiko kwenye uji. Yalitoka meusi, yananuka rangi. Tukaambiwa tuyarudishe majini."

"Aliyejaza ni nani?"

Ndipo nikamsikia wifi, mbali na kipaza sauti, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mdogo wangu. Angalia unachosema."

Nilisikia karatasi ikigeuzwa.

"Mwandiko huu naujua," mume wangu alisema. "Ndio nilioufuatisha nikijifunza kuandika. Alikuwa ananichorea herufi, mimi napita juu yake. Ni wa dada yangu."

Mimi, ninayewafundisha vijana wa maabara kuuliza swali linalofuata, nilimuuliza habari za saini mpaka jirani akachoka kusikia. Maneno yaliyo juu ya saini sikumuuliza hata mara moja. Nilitaka awe na hatia, kwa sababu yeye na dada yake kwangu walikuwa kitu kimoja. Niliona aibu iliyonichoma mpaka masikioni.

Kamati iliirudisha ripoti. Vituo sita vipimwe upya, na mafundi wa serikali wawe ndani ya boti. Wifi ndiye aliyetoka kwanza, majuzuu yake kifuani. Akasimama mbele yangu.

"Umefurahi?"

"Nilitaka matope yapimwe."

"Yatapimwa." Aliyapandisha majuzuu kifuani. "Nilimbeba mgongoni yule. Wewe ulimkuta anatembea."

Akaenda zake kuelekea ngazi.

Mume wangu akatoka, akakaa mwisho wa pili wa benchi. Kati yetu wangeweza kukaa watu watatu.

"Kazi je?" niliuliza.

"Wamesema watanijulisha. Kusaini karatasi tupu ni kosa, hata kama kila mtu anafanya."

"Ulijua ni mwandiko wake tangu siku ile bombani?"

"Tangu uliponionyesha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungekwenda kumpigia kelele. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia alirekebishe mwenyewe." Aliigeuza kofia mikononi. "Nilimwendea mara mbili. Alikataa."

"Nisamehe. Lile neno nililokwambia..."

"Jirani ameshalitangaza mtaa mzima."

Nilinyanyuka nikachukua mkoba wangu. "Basi twende nyumbani."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama ngazi, ambako viatu vya dada yake vilikuwa bado vinasikika vikishuka, kimoja kimoja.

"Nenda wewe," alisema. "Watoto wanatoka shule saa nane. Dada leo hana mtu."

Akavaa kofia yake, akashuka ngazi mbio akimwita.