Joho la Halfa Bikajon

Wageni wakija kutoka mjini Urgench na kamera zao, husomewa historia ya Tuzo ya Maisha ya wanamuziki kama ilivyobandikwa ukutani pale ukumbini kwetu. Tuzo ilianzishwa na Matnazar, mwenye kinu cha mpunga, kwa kumkumbuka baba yake aliyependa muziki. Mshindi huvishwa joho lenye nakshi za dhahabu, kisha sharti apige wimbo palepale kabla hajaketi. Yote ni kweli. Ila kwa nini sharti apige, ukuta hausemi, na mimi Zulayho mpiga dufu, niliyeyaona kwa macho yangu, hakuna aliyewahi kunielekezea hiyo kamera.

Zamani sharti hilo halikuwepo. Mshindi wa kwanza alikuwa mzee Otajon wa zumari, na meno ya mbele yalikuwa yameshamtoka, basi zumari ataishika kwa meno gani? Wa pili alikuwa mzee wa dutari, ala ya nyuzi mbili, aliyesinzia katikati ya hotuba mpaka akaanza kukoroma. Wote wawili walikuwa wameshaviweka vyombo juu ya kabati. Walivishwa joho, wakapigiwa makofi, wakarudi kwao kunywa chai. Mwaka wa tatu Matnazar akasema safari hii apewe mwanamke, na mwanamke ni nani kama si Bikajon?

Bikajon ni halfa. Harusi ya wanawake bila halfa, kwetu, ni pilau bila karoti. Yeye ndiye anayeshika kodiani, yeye ndiye anayeimba, yeye ndiye anayemtania mama mkwe mpaka mwenyewe acheke bila kupenda, na yeye ndiye anayempokea bibi harusi mlangoni. Nimempigia dufu tangu sote wawili tuna nywele nyeusi. Siku aliyovishwa joho alikuwa na wajukuu, lakini vidole vilikuwa vya msichana. Tulikumbatiana tukalia kwa furaha, wajinga sisi.

Harusi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kwa jirani. Tulifika na kodiani yetu kama kawaida, tukajikalisha karibu na mlango, mahali pa wapiga muziki, viatu vya watu vikiwa ubavuni. Mwenye nyumba alipotuona nusura azimie.

"Mama Bikajon! Ukae mlangoni, wewe? Juu! Juu kabisa!"

Aliyevishwa joho hukaa kichwani mwa chumba, juu ya magodoro mengi kuliko wenzake, na kazi yake ni kutumikiwa.

"Nimekuja kupiga, mwanangu," Bikajon akasema.

"Upige? Unataka watu waseme nyumba hii haina adabu? Kaa, mama. Kula."

Akala. Harusi iliyofuata akala tena. Akijaribu kuinuka, huku mkono na huku mkono, wanamrudisha kwenye mito na sahani mpya mbele yake. Nikamshauri aliache joho nyumbani. Akaliacha, na Matnazar akamtuma mkewe kuuliza amemkosea nini mama hata zawadi yake ifungiwe sandukuni. Tangu hapo akawa analivaa kila aendako, kuondoa maneno.

Kazi zote zikaenda kwa Sharofat, mwanafunzi wetu wa zamani, msichana mwenye sauti nzuri na mdomo mrefu, aliyenunua kinanda cha umeme na spika kubwa kama majokofu. Tukikutana sokoni hunitania: "Vipi, shangazi, mwambie mama apunguze pilau, godoro litapasuka!" Nami humjibu kwamba spika zake zikikatikiwa umeme atatusikia tunavyocheka. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake.

"Zulayho," Bikajon aliniambia majira ya baridi yale, "wenzangu huzikwa wakiwa wamelala. Mimi wamenizika nimekaa."

Kisha akaja kuposwa Gavhar, mjukuu wake, ambaye Bikajon amemlea mwenyewe tangu mama yake alipokwenda Urusi kutafuta kazi. Mtoto yule alikuwa akilala juu ya mkoba wa kodiani harusini. Bikajon alikuwa amemwahidi jambo moja tu, kwamba siku yake atampokea yeye, kwa mkono wake.

Wakwe nao walikuwa wameshampata Sharofat. Tulikwenda kumwomba mama wa bwana harusi, Robiya, naye alitusikiliza kwa heshima zote, kisha akaweka mkono kifuani. "Mkwe wangu, mwenye joho aimbe mlangoni mwangu? Kesho nitatazamwa vipi kisimani?"

Gavhar aliposikia alisema neno moja tu. "Bibi, nisiposikia sauti yako sishuki garini."

Tukadhani ni maneno ya mtoto. Siku ilipofika, sisi wa upande wa bibi harusi tulitangulia, na Bikajon akapandishwa juu kabisa kama ilivyo ada. Gari likafika. Sharofat akabonyeza kinanda chake, madirisha yakatetemeka, na mlango wa gari haukufunguka. Akaimba ubeti wa pili, kimya. Wa tatu. Watoto wakaanza kuchungulia vioo. Robiya akaja mbio, kilemba kimepinda.

"Mkwe, mjukuu wako hashuki!"

"Amesema anamsubiri nani?"

"Wewe! Lakini utaimbaje, na joho hilo?"

Bikajon akalitazama joho. Nikamwona uso unabadilika, na nikamjua: ndivyo anavyokuwa akipata ubeti wa kumchoma mtu. Akainuka. Mikono ikamrukia, akaipiga makofi moja moja, akateremka chumba kizima mpaka mlangoni.

"Sharofat mwanangu," akasema kwa sauti tamu, "miaka yote nimekufundisha, sijawahi kukupa zawadi."

Yule msichana si mjinga. Aliona kinachokuja. "Mama, usinifanyie hivyo! Mama, nakuomba!" Akazunguka nyuma ya spika, waya zikamnasa miguu, na joho likamwangukia mabegani.

Kwetu, joho likishakukaa begani hulitupi. Kulitupa ni kumtukana aliyekuvisha mbele ya watu. Na wanawake wakiona joho hawaulizi limetoka wapi. "Hongera! Juu! Juu kabisa!" Wakambeba msobemsobe mpaka kwenye magodoro, mikono imepotelea ndani ya mikono mirefu ya joho, na kabla hajakaa sawasawa sahani ilikuwa mbele yake.

Kodiani, niliyoibeba kwa mazoea tu, ilikuwa chini ya shali yangu. Bikajon akakaa pale penye viatu, akaikumbatia, nami nikainua dufu.

*Mkwe fungua mlango, moyo ufungue pia,*
*Mwezi nimekuletea, ni mzima, shuhudia,*
*Ukiumega kwa meno, mimi nitaurudia!*

Chumba kikalipuka kwa kicheko, na Robiya alicheka kuliko wote. Mlango wa gari ukafunguka. Gavhar akashuka, uso umefunikwa, akaja polepole kuifuata sauti ile. Nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nimeshasahau ilivyo Bikajon akivuta pumzi pamoja na kodiani.

"Na mimi nitavuliwa lini?" Sharofat akapiga kelele kutoka juu.

"Kula, mama," Bikajon akamjibu bila kuacha kupiga. "Kula kwanza."

Kesho yake, tunakunywa chai, Matnazar akaingia uani amevaa joho. Jasho linamtiririka, vumbi la mpunga limeganda kwenye dhahabu. Kumbe Sharofat aliamkia kinuni kwake akamvisha yeye.

"Mama, nifanyeje? Tangu asubuhi vijana wangu hawaniachi nishike hata gunia. Nikigusa mashine wanasema, kaa, mzee, tukuletee chai."

"Pole, mwanangu. Na chai si mbaya."

"Unanicheka! Hii ilikuwa tuzo ya maisha yako, nawe umeigawa kama mkate."

"Maisha yenyewe bado nayatumia," Bikajon akasema. "Nikimaliza nitakuita, ulilete."

Matnazar akatazama chini, akajifuta jasho kwa mkono wa joho. Mtu mwema yule, ila mambo humwingia taratibu. Sharti lile la kupiga kabla ya kuketi alilitunga palepale, mbele ya chai yetu.

"Alhamisi namwoza binti yangu," akasema mwishowe. "Tunatafuta halfa."

Bikajon akanigeukia, uso mkavu kabisa. "Zulayho, Alhamisi tuna nafasi?"

Hatukuwa tumeitwa kupiga popote tangu kabla ya baridi. "Hebu niangalie," nikasema, na kodiani ilikuwa imeshafika mapajani mwake.